Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Kuchekesha Kuhusu Mtoto na Rafiki Yake wa Kufikirika

Mtoto anayezungumza peke yake uani, akacheka, akanyamaza kana kwamba anasikiliza jibu, halafu akasema "Wewe nawe!", amekwisha kukuandikia nusu ya ukurasa wa kwanza. Kazi yako ni iliyobaki, nayo ni ngumu, kwa sababu rafiki asiyeonekana huchekesha kwa urahisi katika kurasa tano za mwanzo na huchosha kwa urahisi uleule kuanzia ya sita. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika kwa Kiswahili riwaya fupi ya wasomaji wa miaka 8 hadi 12. Mfano wangu tangu mwanzo hadi mwisho utakuwa mswada ninaoufanyia kazi mwenyewe: Chausiku, msichana wa miaka tisa aliyehamia Tanga mjini kukaa na bibi yake, na rafiki yake Kibatari, ambaye ni taa ya mafuta yenye miguu miwili, na ambaye anaogopa giza.

Hatua ya 1: Tafuta kwanza sababu ya rafiki kuwapo

Kabla ya kumpa rafiki jina, jiulize mtoto amekosa nini hata akambuni. Swali hili lisikupeleke kwenye ugonjwa. Mwaka 2004 mwanasaikolojia Marjorie Taylor wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 65 ya watoto waliowafuatilia walikuwa wamewahi kuwa na rafiki wa kufikirika kufikia umri wa miaka 7, wakihesabiwa humo hata wale ambao rafiki yao alikuwa mdoli au kitu kingine cha kuchezea walichokipa uhai na tabia. Kwa hiyo mhusika wako ni mtoto wa kawaida kabisa, na msomaji asiombwe kumwonea huruma.

Katika kazi za Taylor yamo mambo mawili yanayomfaa mwandishi wa vichekesho kuliko takwimu hiyo. La kwanza ni kwamba marafiki hawa mara nyingi si watiifu: hubisha, hununa, huja bila kuitwa na hukataa kuja wanapohitajika. La pili ni kwamba watoto wenyewe wanajua vizuri kuwa wamemtunga, na baadhi yao humkumbusha mtafiti katikati ya mazungumzo kwamba huyu ni wa kuigiza tu, wasije wakampotosha mtu mzima wa watu. Ukiyashika haya mawili, hutaandika kamwe lile tukio lililochoka ambamo mtu mzima anamfichulia mtoto "ukweli" na mtoto analia. Chausiku anaujua ukweli. Anachotaka ni kuulizwa kwa adabu.

Sababu ya Kibatari nilipata kuipata kwa kuzunguka sana. Kijijini Chausiku alizoea kulala akiutazama mwali wa kibatari cha bati ukichezacheza ukutani. Mjini nyumba ina umeme, na kibatari alichokuja nacho kikawekwa juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo huwekwa vitu ambavyo watu hawana moyo wa kuvitupa. Hakuna mtoto mwenzake pale nyumbani. Hayo yote yasielezwe katika sura ya kwanza. Yaache yajitokeze usiku umeme unapokatika, bibi anapopanda stuli kukitoa kibatari halisi na kukiwasha, na Chausiku anapogundua kwamba Kibatari wake, badala ya kufurahi, amejificha nyuma ya mlango kwa wivu.

Hatua ya 2: Mwekee sheria, na usizivunje

Katika rasimu yangu ya kwanza Kibatari aliweza kuruka, kupenya ukuta na kukokotoa hesabu zote. Niliwasomea watoto wa darasa la nne, na kufikia ukurasa wa kumi mmoja alikuwa anachonga penseli kwa makini makubwa kuliko penseli ilivyohitaji. Kosa lilikuwa langu: rafiki anayeweza kila kitu hamwingizi mtoto matatani, na pasipo matata hakuna kicheko.

Tangu hapo Kibatari ana sheria tatu, nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa mbele ya meza yangu. Hawezi kusogeza kitu chochote, kwa hiyo sukari ikipungua, msomaji anajua vizuri ni mkono wa nani. Hajui jambo lolote ambalo Chausiku halijui, isipokuwa kwamba yeye ana hakika nalo zaidi. Na gizani hana msaada, ingawa ndiyo kazi aliyozaliwa nayo.

Sheria ya pili ndiyo inayozaa matunda mengi. Katika jaribio la hesabu Chausiku anakwama kwenye saba mara nane, anasitasita, na Kibatari, aliyekaa juu ya kifutio, anamnong'oneza kwa sauti ya mtu aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule kwamba jibu ni hamsini na nne. Chausiku anaandika 54. Anaporudishiwa daftari, mwalimu anamwuliza nani kamfundisha, naye kwa uaminifu wake wote anamtaja.

Hatua ya 3: Tumia ngeli

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hiki ni chombo ambacho lugha yenyewe imetupa bure, na naona mara nyingi tunakipita kama jembe lililoegeshwa mlangoni.

Kwa Kiswahili, kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa a- na wa- hata jina lake likianza kwa ki-: kijana amefika, kiboko amelala, kipofu ameketi. Kitu kisicho na uhai hubaki katika ngeli ya jina lake: kiti kimevunjika, kibatari kimezimika. Maana yake ni kwamba kila mtu katika riwaya yako anayemtaja Kibatari na kufuatisha kitenzi anatoa ushahidi, apende asipende, kama anamwamini au hamwamini. Huna haja ya kuandika kwamba bibi alitia shaka. Mwache aseme:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Umeamkaje?"

"Salama. Lakini hujamwitikia Kibatari, naye amekuamkia."

"Kibatari kipo juu ya kabati, kimejaa vumbi."

"Hayupo kabatini. Amekaa hapo hapo ulipoweka mkono."

Bibi akauondoa mkono upesi, kisha akajikasirikia kwa kuuondoa.

Ulimi wa bibi bado uko kwenye ki-, ila mkono umeshahamia kwenye a-. Watoto wa miaka tisa hawatakueleza hivyo, lakini hucheka hapo kila mara, na hucheka kwa sababu masikio yao yanazijua ngeli kabla mwalimu hajawafundisha jedwali lake. Zingatia pia kwamba herufi kubwa ya Kibatari haisaidii chochote kitabu kinaposomwa kwa sauti. Upatanisho ndio unaomwambia msikilizaji kama anayetajwa ni rafiki au ni bati lenye utambi.

Ukishaipata njia hii, wapange wahusika wako juu yake. Jirani anaweza kuchanganya zote mbili katika sentensi moja, kwa kuwa haamini lakini hataki kuchukuliwa kuwa hana adabu. Mwalimu wa Kiswahili anapewa insha ya "Rafiki Yangu", anakuta sentensi "Kibatari anapenda wali wa nazi", anaikata kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "kinapenda", bila kutambua kwamba sasa ni yeye, tena kwa mwandiko wake mwenyewe, aliyethibitisha kuwa taa inapenda wali wa nazi. Chausiku anaipeleka insha nyumbani kama hati.

Tukiwa hapa, kumbuka kwamba "yeye" ya Kiswahili haisemi kama mtu ni wa kike au wa kiume. Sijaamua Kibatari ni yupi. Wasomaji wangu wawili waligombana juu ya jambo hilo hadi kengele ikalia, nami sikuwaamulia.

Hatua ya 4: Wape watu wazima sababu za kweli

Mtu mzima mjinga huchekesha mara moja. Mtu mzima mwenye sababu zake nzuri, anayejikuta kidogo kidogo akimpisha njia mtu asiyekuwapo, huchekesha kitabu kizima. Kwa hiyo kila mmoja apewe sababu. Bibi ana adabu, na adabu yake inamtesa: salamu isiyojibiwa inamwasha kama upupu, hata ikiwa aliyeitoa hayupo. Anaanza kusema "marahaba" mbili ili yaishe. Baadaye anaanza kulalamika kwamba Kibatari hakimwamkii vizuri.

Konda wa daladala ana sababu iliyo safi zaidi. Chausiku ameweka mkoba kwenye kiti cha pembeni yake na gari linajaa:

"Mdogo wangu, toa begi, watu wakae."

"Kuna mtu."

"Yuko wapi?"

"Amekaa."

"Amekaa? Basi alipe nauli."

Konda ndiye mtu mzima wa kwanza katika riwaya kutumia a- bila kusita, kwa kuwa kuna fedha ndani yake. Usimwandike kuwa mkali. Amekutana na mengi barabarani, na abiria asiyeonekana lakini anayelipa si tatizo kubwa katika siku yake.

Sasa kuna jambo ambalo mwandishi wa kwetu hawezi kulikwepa. Katika nyumba nyingi, hasa za pwani, mtoto anayeongea na asiyeonekana huzua wasiwasi kabla hajazua kicheko, na neno la kwanza litakalotajwa ni jini. Ukilifumbia macho, msomaji wako atajiuliza mbona hakuna mtu aliyelitaja, na ataacha kuiamini nyumba uliyoijenga. Ukilikuza, kitabu kitageuka cha kutisha. Mimi nimelipa sura moja tu. Jirani anamshauri bibi afukize ubani. Chetezo kinaletwa, chumba kinajaa moshi, na Kibatari, ambaye maisha yake yote amewatolea wenzake moshi, hawezi kuuvumilia moshi wa mwingine hata kidogo: anakohoa, anapiga chafya, anadai dirisha lifunguliwe. Chausiku anashindwa kujizuia na kuangua kicheko. Jirani anakichukua kile kicheko kuwa dalili njema, anaaga akiwa ameridhika, na bibi anabaki akipepea moshi kwa upande wa kanga na kumwuliza mjukuu wake, kwa sauti ya chini, kilichomchekesha ni nini.

Angalia ni nani anayechekwa hapo. Dini haichekwi, wala ubani, wala hofu ya bibi, ambayo chanzo chake ni mapenzi. Kinachochekwa ni haraka ya kutibu kabla ya kuuliza, na swali la bibi mwishoni mwa sura ndilo linaloanza kumrudisha upande wa mjukuu wake.

Hatua ya 5: Tengeneza vichekesho vinavyorudi

Kichekesho kimoja kinachorudi mara tatu kikiwa kimebadilika kidogo kina nguvu kuliko vitatu vipya. Kwangu ni kijiko. Sinia linapotandikwa, Chausiku huweka kijiko cha ziada. Mara ya kwanza bibi anakirudisha jikoni, mara ya pili anakiacha lakini analalamika kuhusu kuosha vyombo visivyotumika, na ya tatu naihifadhi kwa sura ya mwisho.

Chanzo kingine ni methali. Kibatari amezisikia zote kupitia masikio ya Chausiku, tena nusu nusu, hivyo anazikamilisha kwa akili yake: mtaka cha mvunguni amtume mdogo wake, asiyesikia la mkuu asafishe masikio, haraka haraka haina parachichi. Mbili za mwanzo nazipenda kwa sababu zina mantiki yake, na mtoto akizifikiria ataona zina ukweli fulani. Ya tatu ni mchezo wa sauti tu, na nimejiruhusu mmoja. Sharti ni kwamba methali ya asili iwe ile ambayo kila mtoto wa shule ya msingi ameshaisikia. Ukipotosha methali isiyojulikana, utakuwa umeandika methali mpya, na hakuna atakayecheka.

Tanakali za sauti nazo ni mali yetu, lakini zipimwe kama chumvi. "Puu!" moja mahali pake, stuli inapoanguka gizani, hutosha kwa sura nzima.

Utani wa bibi na mjukuu usiueleze. Msomaji wa Kiswahili anajua kwa nini bibi anamwita mjukuu wa kike "mke mwenzangu" na kwa nini wanamgombania babu, hata kama babu alishafariki kabla Chausiku hajazaliwa.

Hatua ya 6: Pima urefu kwa sauti, si kwa macho

Sura kumi na mbili za maneno 1,200 hivi zinatosha. Nimekipata kiasi hicho kwa kusoma kwa sauti: sura ya namna hiyo huchukua kama robo saa, na katika kipindi cha dakika 40 hubaki nafasi ya watoto kubishana, ambayo ni sehemu ya kitabu. Ukitumia vipimo vya riwaya za Kiingereza, kumbuka kwamba neno letu moja, kama "hatukumwona", hubeba kazi ya maneno manne au matano, hivyo kitabu chetu kitakuwa kinene kuliko hesabu ya maneno inavyoonyesha.

Hatua ya 7: Muondoe rafiki bila mazishi

Riwaya nyingi za aina hii huharibika mwishoni, mwandishi anapotaka machozi na kumfanya rafiki aage kwa hotuba. Watoto wa kweli hawaagani hivyo. Siku moja wana rafiki wa kuruka naye kamba, siku ya pili pia, na ya tatu hawakumbuki kwamba kuna mtu hawajamwita.

Katika sura ya kumi anahamia jirani msichana anayeitwa Pili, asiyejua kucheza rede na aliye tayari kufundishwa. Kibatari hana ugomvi naye. Anapungua tu kwenye kurasa, kutoka mazungumzo hadi sentensi, kutoka sentensi hadi kikohozi nyuma ya mlango. Usimtaje kuwa amepungua. Msomaji makini ataona kabla ya Chausiku, na kule kuona peke yake ndiko kutakakomchoma, ikiwa ulitaka achomwe.

Kisha jioni ya sura ya kumi na mbili sinia linatandikwa, Chausiku anaingia mbio kutoka uani akiwa na vumbi hadi magotini, ananawa, anakaa, anaanza kula. Bibi hali. Anainuka, anakwenda jikoni, anarudi na kijiko, anakiweka upande ule usio na mtu, na kuuliza: "Na Kibatari je, ameshakula?"

Irabu moja ya mwanzo wa kitenzi ndiyo iliyosubiriwa kwa sura kumi na moja. Usiongeze maelezo hapo. Niliwahi kuongeza aya nzima kuhusu hisia za bibi, nikaifuta asubuhi yake.

Hatua ya 8: Wasomee watoto, kisha uulinde mswada

Wasomee watoto wasiokujua, kwa kuwa wa kwako watacheka ili wakapike chai mapema. Weka alama pembeni kila wanapocheka, na alama tofauti kila mmoja anapouliza jambo. Wakicheka mahali usipopategemea, usipaguse. Wakiuliza "Kwani anaonekana?" baada ya sura ya pili, sheria zako hazijaeleweka na lazima urudi hatua ya pili.

Taratibu za uchapishaji zieleweke mapema. Tanzania, vitabu vya kutumika shuleni hupitia tathmini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na Kenya kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Namba ya ISBN kwa upande wa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Mwandishi wa Kitanzania mwenye mswada ambao haujachapishwa aitazame pia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo ina kipengele cha hadithi za watoto.

Lakini kabla ya hayo yote kuna msahihishaji. Wangu, niliyemlipa kwa fedha yangu na ambaye alifanya kazi yake kwa bidii isiyo na lawama, aliurudisha mswada ukiwa safi kabisa: kila "kime-" ya bibi ilikuwa imegeuzwa "ame-", kwa kuwa jina lina herufi kubwa na mhusika anazungumza. Bibi akawa ameamini tangu ukurasa wa tatu, na kijiko cha sura ya mwisho kikawa kijiko tu. Ilinichukua wiki mbili kuvirudisha viambishi kimoja kimoja.

Sasa kila mswada ninaoutuma hutanguliwa na ukurasa mmoja wenye majina ya wahusika wote na kiambishi ambacho kila mmoja anakitumia kumtaja Kibatari, pamoja na sura atakayobadilika. Bibi: ki-, hadi sura ya 12. Jirani: zote mbili, visirekebishwe. Konda: a-, tangu mwanzo. Mwalimu wa Kiswahili: ki-, habadiliki.